Malaria Hairudi na Sura Ileile

Mtoto akiugua surua akapona, mama yake huondoa hofu ya surua kwa mtoto huyo. Mwili umeshaijua, na utaendelea kuijua hadi uzeeni. Malaria haina adabu hiyo. Katika vijiji vya Muheza, Kilifi au Siaya, mtoto anaweza kuugua baada ya masika, akameza dawa ya mseto akapona kabisa, kisha akaugua tena vuli zikinyesha, na mwakani tena. Akikaribia kuanza shule, homa hupungua ukali. Akiwa mtu mzima anaweza kuwa na vimelea katika damu na bado akaamka alfajiri kwenda shamba. Kinga anayo, lakini imemchukua miaka kuipata, na haizuii vimelea kuingia. Inavizuia tu visimwangushe.

Kwa nini somo ambalo mwili hulijifunza mara moja kwa surua, kwa malaria hulisoma kwa miaka kumi na zaidi? Wengi hujibu kwamba mwili wa mtoto haujakomaa. Lakini mwili huohuo usiokomaa ndio unaoishinda surua. Wengine husema malaria imekuwa sugu. Usugu unahusu dawa, na kabla dawa hizo hazijatengenezwa watoto walikuwa wakiugua na kuugua tena vilevile. Jibu linapatikana katika jeni za kimelea chenyewe, Plasmodium falciparum, na katika namna zinavyokiwezesha kubadili kile ambacho kingamwili hukitambua.

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe za damu. Kila aina ya kingamwili hushika kipande kimoja kidogo cha adui, na huo mshiko unategemea umbo. Ni kama kofia ya mkono iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa kimoja: kichwa kikibadilika kidogo tu, kofia haikai. Kwa hiyo adui anayetaka kuponyoka hahitaji silaha mpya. Anahitaji kubadili kipande kile kidogo, bila kuharibu kazi ambayo kipande hicho kinamfanyia. Sharti hilo la mwisho tulishike, maana ndilo litakalotufikisha mwisho wa habari hii.

Mahali kimelea kinapoonekana

Mbu anapouma, humwaga pamoja na mate yake vimelea vichache, pengine makumi tu. Vimelea hivyo hukimbilia kwenye ini, na vingi hufika ndani ya muda mfupi. Humo hujificha ndani ya seli kwa takriban juma moja na kuzaliana kwa maelfu. Kisha hutoka kwenye damu, na kila kimoja hutafuta seli nyekundu ya kuingia. Muda huo wa kuwa nje, uchi, mbele ya kingamwili, ni mfupi mno: kimelea kikikawia dakika chache, hakifai tena.

Kikishaingia ndani ya seli nyekundu, kinakaa humo saa 48, kinakula hemoglobini, kinajigawa, na mwisho seli hupasuka na kutoa vimelea vipya kati ya 16 na 32. Mtu angedhani kwamba saa hizo 48 ni za raha, kwani kingamwili hazipenyi ndani ya seli. Lakini kuna tatizo jingine, nalo ni bandama.

Bandama ndiyo chujio la damu. Seli nyekundu yenye afya ni laini, hujipinda na kupita kwenye matundu yake membamba. Seli iliyobeba kimelea kinachokua huwa ngumu, na ikipita kwenye bandama hukamatwa na kuharibiwa. Ili kuepuka chujio hilo, kimelea hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuisafirisha hadi kwenye ngozi ya nje ya seli nyekundu. Protini hiyo ni ndoana. Kwa ndoana hiyo seli hunasa kwenye ukuta wa mshipa mdogo wa damu, ikatulia hapo, isizunguke tena mpaka kimelea kikomae. Wataalamu wa maabara wanalifahamu jambo hili kwa macho yao: katika slaidi ya damu ya kidole huona zaidi vimelea vichanga vyenye umbo la pete, kwa sababu vilivyokomaa havimo kwenye mzunguko. Vimeng'ang'ania kwenye kuta, na vikijazana katika mishipa ya ubongo wa mtoto, ndipo huja malaria ya kichwani, ile inayomtia mtoto degedege na kupoteza fahamu.

Hapo kimelea kimetegwa. Kisipoweka ndoana nje, bandama itakimeza. Kikiiweka nje, kingamwili zitaiona. Njia iliyobaki ni kubadilisha ndoana.

Sanduku lenye kanga sitini

Mwaka 1995 makundi matatu ya watafiti yalieleza kwa pamoja jeni zinazotengeneza PfEMP1. Ziliitwa jeni za var. Jenomu nzima ya kimelea iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2002, ilionekana kuwa na herufi takriban milioni 23, kromosomu 14 na jeni zipatazo 5,300. Kati ya hizo, kama 60 ni za var, nyingi zikiwa zimepangwa karibu na ncha za kromosomu. Kila moja hutengeneza ndoana ya umbo lake.

Fikiria sanduku la kanga. Kila kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwenye sanduku ana kanga sitini lakini hutoka na moja tu, zilizobaki zimekunjwa. Kimelea hufanya vivyo hivyo. Wakati wowote jeni moja tu ya var ndiyo inayosomwa, na nyingine zote zimefungwa. Hazijafutwa wala herufi zake hazijabadilika. Uzi wa vinasaba umeviringishwa kwa kubana mahali hapo kiasi kwamba mashine za seli haziwezi kuzisoma. Kwa hiyo mwili unaonyeshwa sura moja, nao hujibu kwa sura hiyo. Zile nyingine zimelala, hazijulikani.

Mara kwa mara, katika kizazi kimoja au kingine, vimelea vichache hufunga jeni iliyokuwa wazi na kufungua nyingine. Hakuna anayevipa amri. Havijui kama kingamwili zinakuja. Lakini baada ya siku kadhaa mwili ukishatengeneza kingamwili za ndoana ya kwanza, vimelea vingi hufa, na vile vichache vilivyokwisha kubadilika hubaki na uwanja mtupu. Huzaliana, idadi hupanda, mwili hujibu tena, na wachache wengine hubadilika. Ndiyo maana malaria isiyotibiwa inaweza kukaa mwilini miezi mingi, ikipanda na kushuka kama maji ya bamvua na maji mafu.

Hata hivyo sitini ni namba yenye mwisho. Kama vimelea vyote duniani vingekuwa na sanduku moja, mtoto angemaliza kuzijua kanga zote baada ya misimu michache. Hapa inaingia aina ya pili ya tofauti, ambayo ni tofauti kati ya kimelea na kimelea.

Vimelea hujamiiana ndani ya tumbo la mbu. Mbu akifyonza damu yenye vimelea vya nasaba mbili, kromosomu zao huchanganyika, na watoto wanaozaliwa hupata sanduku jipya, nusu kutoka huku na nusu kutoka kule. Zaidi ya hayo, jeni za var hubadilishana vipande hata kimelea kikiwa bado katika damu ya binadamu kikijigawa kwa njia ya kawaida. Ncha za kromosomu zinapokaribiana, kipande cha jeni moja hukatwa na kushonwa kwenye nyingine. Fundi huyu hachoki, na hatengenezi nguo mbili zinazofanana. Utafiti wa watoto wa Bakoumba, Gabon, uliochapishwa mwaka 2017, uliona kwamba seti za jeni za var kutoka kwa mtoto mmoja na mwingine wa eneo lilelile zilifanana kwa kiasi kidogo sana. Mtoto anayeumwa na mbu mara mbili kwa usiku mmoja anaweza kuletewa masanduku mawili tofauti.

Ushahidi kutoka Kilifi

Haya yote yangebaki nadharia kama yasingepimwa kwa wagonjwa. Mwaka 1998 watafiti waliofanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya, walichapisha jaribio lenye werevu wa aina yake. Walikuwa na damu ya watoto iliyohifadhiwa kabla hawajaugua. Watoto hao walipougua, watafiti walichukua vimelea vyao na kuvikutanisha na ile damu ya zamani. Walichokiona ni kwamba kingamwili za mtoto kabla ya ugonjwa zingeweza kutambua vimelea vya watoto wengine, lakini kwa vile vilivyomwangusha yeye mwenyewe zilikuwa dhaifu au hazipo. Alipopona, alikuwa amezipata.

Tuyatafsiri matokeo hayo taratibu. Ukuta wa kinga ya mtoto una matofali mengi na matundu mengi. Kimelea kinachofanikiwa kumwangusha ni kile ambacho sura yake inapita kwenye tundu lililobaki. Kila ugonjwa huziba tundu moja. Kwa hiyo kinga ya malaria hukusanywa kidogo kidogo, haba na haba, mpaka matundu yakawa machache kiasi kwamba ni nadra kimelea kupata pa kupenya. Hiyo ndiyo sababu ya miaka kumi.

Jaribio jingine limefanywa na maumbile yenyewe, kwa mama mjamzito. Mwanamke aliyekulia kwenye malaria ana kinga ya mtu mzima. Lakini akipata mimba ya kwanza, malaria humrudia kwa kishindo: damu hupungua, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Zamani ilisemwa kwamba mimba hudhoofisha kinga ya mwili. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza kondo la nyuma la akina mama wa magharibi mwa Kenya, walionyesha jambo la ndani zaidi. Vimelea vilivyojazana humo vilikuwa na ndoana inayoshika aina ya sukari iliyopo kwenye kondo, na si kuta za mishipa ya kawaida. Baadaye jeni yake ikajulikana na kuitwa var2csa.

Sasa fikiria: mtoto hana kondo, mwanamume hana, msichana asiyewahi kushika mimba hana. Ndoana hiyo haina pa kushika kwao, basi haistawi, na miili yao huijua kidogo au haiijui kabisa. Mimba ya kwanza hufungua nyumba mpya ambayo hakuna askari aliyewahi kuilinda. Mimba ya pili na ya tatu hukuta kingamwili zimeshatengenezwa, na madhara hupungua. Kama tatizo lingekuwa udhaifu wa mwili mjamzito, mimba ya tatu ingekuwa na hatari sawa na ya kwanza. Vidonge vya kuzuia malaria viitwavyo SP, anavyopewa mama mjamzito kliniki, ni njia ya kuilinda nyumba hiyo wakati mwili wake haujapata muda wa kujifunza.

Fumbo la Magharibi na Mashariki

Msomaji makini ameshaona tatizo. Kama kila kijiji kina masanduku yake, basi kinga ya mtu wa sehemu moja isingefaa kitu sehemu nyingine. Lakini sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na S. P. Carrington walitoa kingamwili kutoka damu ya watu wazima wa Gambia na kuwadunga watoto wenye malaria. Ndani ya siku chache vimelea vilipungua sana. Mwaka 1963 wakaeleza kwamba kingamwili za Afrika Magharibi zilifanya kazi hiyohiyo dhidi ya malaria ya Afrika Mashariki, umbali wa bara zima.

Sehemu ya jibu ni wingi. Mtu mzima aliyeumwa na mbu kwa miaka 30 amekusanya kingamwili za sura nyingi mno, na kati ya hizo zipo zinazokaribiana na za huku kwetu. Sehemu ya pili ndiyo yenye matumaini zaidi, nayo inaturudisha kwenye lile sharti la mwanzo. Ndoana inaweza kubadilika rangi na mapambo, lakini lazima ibaki ndoana. Waswahili husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata sura zikienda mbali namna gani, kazi inazirudisha mahali pamoja.

Utafiti wa mwaka 2012 na 2013, uliohusisha watoto wa Tanzania, ulionyesha kwamba katika malaria kali vimelea hutumia mara nyingi kundi fulani la PfEMP1, na kwamba kundi hilo hushika kipokezi kimoja cha kuta za mishipa kiitwacho EPCR. Ndoana hizo hutofautiana sana herufi kwa herufi, ila pale zinapogusana na EPCR zimelazimika kuhifadhi umbo linalokaribiana. Mwaka 2024 ikaripotiwa kwamba kingamwili mbili zilizotolewa kwa watu wazima walioishi na malaria ziliweza kuzuia mshiko huo kwa ndoana za aina nyingi. Yaani mwili wa binadamu, ukipewa muda, huacha kuhesabu kanga na kuanza kumtambua aliyezivaa.

Binadamu naye amewahi kujibu kwa hila. Familia nyingine ya jeni za kimelea, iitwayo rif, ina jeni zaidi ya 100, na protini zake hujitokeza juu ya seli nyekundu pia. Mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya Wakenya walikuwa na kingamwili za ajabu: ndani yake kulikuwa kumepachikwa kipande cha protini nyingine ya mwili, LAIR1, na kwa kipande hicho ziliweza kushika protini nyingi za familia hiyo. Kimelea hushona vipande vya jeni, na chembe zetu za kinga nazo zimewahi kushona.

Chanjo na mgonjwa wa Amsterdam

Mambo haya yana uzito wake katika chanjo. Kimelea kilichotumika kama mfano wa chanjo nyingi, NF54, kilitolewa kwa mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Amsterdam bila kuwahi kusafiri kwenda nchi yenye malaria. Mbu ndiye aliyesafiri. Swali basi: kingamwili zilizofundishwa kwa sura ya kimelea hicho kimoja zitatambua vya Bagamoyo na Homa Bay?

Mali ilitoa jibu kali. Huko Bandiagara, eneo ambalo protini iitwayo AMA1 ina sura zaidi ya 200, chanjo ya AMA1 ya sura moja ilijaribiwa kwa watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kinga ya jumla ya karibu asilimia 17 tu, kiasi ambacho kingeweza kuwa bahati nasibu. Lakini kwa vimelea vyenye sura kama ya chanjo, kinga ilikuwa karibu asilimia 64. Chanjo ilifanya kazi yake. Ilikuwa imefundishwa uso mmoja katika soko lenye nyuso mia mbili.

Chanjo ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, inalenga protini CSP ya vimelea vinavyotoka kwenye mate ya mbu. Sehemu yake ya katikati ni herufi nne za amino asidi zinazorudiwa na kurudiwa, na marudio hayo yanafanana karibu kila mahali. Sehemu ya mwisho hutofautiana. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa watoto wa miezi 5 hadi 17 uliona kwamba katika mwaka wa kwanza kinga ilikuwa asilimia 50 dhidi ya vimelea vilivyolingana na chanjo na asilimia 33 dhidi ya visivyolingana. Tofauti ipo, ila si ya kuangusha chanjo kama ilivyokuwa kwa AMA1. Chanjo ya R21, iliyojaribiwa Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa sehemu nyingine na kupendekezwa mwaka 2023, imejengwa juu ya protini hiyohiyo.

Njia nyingine ni kutafuta mahali ambapo kimelea hakithubutu kubadilika. Protini RH5 ndiyo inayokipa kimelea mlango wa kuingia kwenye seli nyekundu, kwa kushika protini yetu iitwayo basigini. Kwa kuwa basigini haibadiliki, RH5 hutofautiana kidogo sana kati ya kimelea na kimelea. Chanjo yake imeshajaribiwa Bagamoyo kwa hatua za awali, na jaribio la watoto wa Burkina Faso lililotangazwa mwaka 2024 lilionyesha kinga ya asilimia 55 kwa miezi sita. Ugumu wake ni ule muda mfupi wa kimelea kuwa uchi: kingamwili zinahitajika nyingi sana, na papo hapo.

Sasa tunaweza kurudi kwa surua. Chanjo nyingi za surua zinazodungwa leo zinatokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mvulana mmoja wa Marekani mwaka 1954. Kirusi cha surua hukosea kunakili vinasaba vyake kama virusi vingine, ila sehemu zinazotambuliwa na kingamwili ndizo hizohizo kinazozihitaji kuingia kwenye seli. Kikizibadili, kinakufa. Tofauti kati ya magonjwa haya mawili haiko katika kasi ya mabadiliko. Iko katika mahali ambapo mabadiliko yanaruhusiwa. Kimelea cha malaria kimetanguliza mbele ya kingamwili zile sehemu zinazoweza kubadilika, na zisizoweza kubadilika kimezificha au kimezionyesha kwa kitambo kidogo.

Yule mtu mzima wa Muheza anayekwenda shamba na vimelea katika damu ameshazijua sehemu hizo. Jibu limo mishipani mwake, na gharama yake ililipwa kwa homa za utoto, pengine na ndugu ambaye hakuvuka. Chandarua, dawa na SP vinapunguza gharama hiyo leo. Chanjo inayotafutwa ni ile itakayompa mtoto jibu lilelile kabla ya homa ya kwanza.